Kinyaa na Sheria: Mjadala juu ya Nyama ya Mbwa

MSAFIRI: Naiweka hoja yangu wazi tangu mwanzo, asije mtu akanidhania natetea kitoweo ambacho mimi mwenyewe sijapata kukitia kinywani. Tarehe 9 Januari 2024, Bunge la Korea Kusini, kwa kura 208 pasi na hata moja ya kupinga, na wajumbe 2 wakijizuia, lilipitisha sheria ya kukataza kufuga mbwa kwa ajili ya kuliwa, kumchinja, na kuuza nyama yake. Na watu wa nchi nyingi wakashangilia. Mimi niliyepata kukaa Seoul sikushangilia. Niliwaona wazee wa mji ule, katika zile siku tatu za kiangazi waziitazo boknal, wakati joto la Julai na Agosti linapomlegeza mtu viungo, wakiingia katika vijumba vya chakula vya uchochoroni, wakivua viatu, wakiketi mbele ya bakuli jeusi la udongo lililokuwa lingali likitokota, mna nyama iliyochemshwa hata ikanyambuka yenyewe, na vitunguu vya majani, na pilipili, na unga wa mbegu zinukiazo mfano wa ufuta umenyunyizwa juu. Wakala polepole, jasho likiwatiririka, kwa itikadi waliyoirithi kwamba mchuzi ule humrejeshea mtu nguvu zilizokwisha nyonywa na jua. Wazee hao walikulia katika nchi iliyovunjwa na vita, ambako ng'ombe alikuwa wa kulimia, hachinjwi ovyo, na mbwa ndiye aliyekuwa nyama ya asiye na kitu. Wajukuu wao wamekulia katika majumba ya ghorofa, wana vijibwa wanavyovilaza kitandani, nao wanakereka. Nauliza: kinyaa cha mjukuu kina hukumu gani juu ya mlo wa babu?

DAKTARI: Umetusimulia bakuli, Bwana Msafiri, na umelisimulia kwa ufasaha; sasa nakuomba utoke nami jikoni tuende uani, tukatazame nyama ile ilikotoka. Mimi ni mganga wa wanyama, kinyaa si kazi yangu. Nimekwisha tia mkono wangu mahali ambapo wengine hata kutazama hawawezi. Katika mashamba yale mbwa hukaa katika vizimba vya nyaya vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na sakafu yake nayo ni nyaya, ili kinyesi kidondoke chini na mwenye shamba asipate taabu ya kufagia. Basi yuko mbwa anayezaliwa, akakua, akachukuliwa kuuawa, nyayo zake hazijakanyaga udongo hata siku moja. Chakula chake aghalabu ni makombo ya mikahawa. Kufa kwake je? Ilikuwako kesi ya mfugaji aliyewaua mbwa wake kwa kuwatia chuma cha umeme kinywani. Mahakama mbili za chini zikamwachia huru, mpaka Mahakama ya Upeo ilipoirudisha kesi ile mwaka 2018, na mwaka 2020 ikathibitisha kwamba kitendo kile kilikuwa ukatili mbele ya sheria. Tangu 1978 mbwa hayumo katika sheria ya nchi ile inayosimamia usafi wa machinjio, maana yake ni kwamba nyama iliyoingia katika bakuli lako jeusi haikupita mbele ya mkaguzi yeyote. Huo ndio ubaya ninaoushika, na wala sihitaji kumpenda mbwa ili niuone.

MSAFIRI: Dawa ya machinjio yasiyokaguliwa ni kuyakagua. Ikiwa serikali iliwaacha watu wakafuga na kuchinja bila kanuni kwa miaka arubaini na ushei, kisha ikatumia uchafu uliotokana na kuachwa huko kuwa ndio hoja ya kuwafutia riziki yao, basi imewahukumu kwa kosa lake yenyewe. Na kwa nini haikuweka kanuni? Kwa sababu iliona haya mbele ya wageni! Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 1988 vijumba vile vilisukumwa kutoka barabara kuu mpaka vichochoroni, ili mgeni asivione. Kabla ya Kombe la Dunia la 2002 mcheza filamu Brigitte Bardot wa Ufaransa alipiga kelele mpaka redioni Korea wakamhoji, na yeye alitoka katika nchi inamoliwa farasi na konokono.

DAKTARI: Bi Bardot alipinga kula farasi pia, na kwao aliwashambulia wachinjaji wa farasi kwa maneno makali vilevile, tumpe insafu yake hata kama lugha yake kwa Wakorea ilikuwa ya dharau, nami nakubali ilikuwa ya dharau. Walakini zile kura 208 hazikupigwa na Wafaransa. Zilipigwa na Wakorea, vyama vya pande zote mbili vilivyokuwa havikubaliani katika jambo lolote jingine.

SHEHE: Niruhusuni niingie, maana naona mmoja wenu ameshika bakuli na mwingine ameshika kizimba, na suala la asili alilolileta Msafiri, yaani kinyaa kina hukumu gani, limebaki halina wa kulijibu. Sisi tunayo mapokezi mashuhuri katika jambo hili. Mtume, sala na amani zimshukie, aliletewa katika nyumba ya mkewe, Bibi Maimuna, nyama ya dhabbu iliyochomwa, naye ni mnyama wa jangwani wa jamii ya guruguru na kenge. Alipoambiwa ni nini akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu, naye akamjulisha kwamba si haramu, ila mnyama yule hapatikani katika ardhi ya jamaa zake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akalivuta lile sinia akala, na Mtume anamtazama. Zingatieni jambo hili, enyi wenzangu: aliyekuwa na kinyaa ndiye aliyekuwa na amri, na amri hakuitumia. Nafsi yake ilikataa, mkono wake ukajizuia, na sahibu yake akaachiwa ale. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, yaliyo madhehebu ya pwani yetu kuanzia Barawa mpaka Kilwa na Ngazija, fisi ni halali kuliwa. Lakini nendeni Lamu, nendeni Unguja, mkatafute nyumba moja iliyopika fisi. Haramu ni kitu kimoja na chukizo ni kitu kingine.

DAKTARI: Shehe wangu, nakuheshimu, lakini hapo umetupa nusu ya elimu. Marehemu babu yangu alisoma kitabu cha Minhaji cha Imam Nawawi, nami nilikuwa nikimsikia akidurusu. Je, si kweli kwamba katika madhehebu hayohayo, mnyama ambaye hakuja kwa andiko la kumhalalisha wala la kumharamisha, hutazamwa kama Waarabu wenye neema na tabia iliyo salama walimwona mzuri au walimwona mchafu, na kwa hilo akahukumiwa? Kama ni kweli, basi kinyaa cha watu fulani, wa mahali fulani, ndicho kilichofanywa mizani kwa watu wote.

SHEHE: Ni kweli, na babu yako, Mungu amrehemu, alikufundisha sawasawa. Sitakuficha kwamba mlango huo umewasumbua wanavyuoni tangu zamani, maana tabia za Waarabu nao zilikhitilafiana, mtu wa mji akikataa alichokila Bedui. Ila tazama hukumu hiyo inamfunga nani. Inamfunga aliyekwisha kuikubali kwa hiari yake. Inafunga kinywa changu mimi. Mbwa kwangu ni najisi, akilamba chombo changu nakiosha mara saba, moja yao kwa udongo; lakini sina ruhusa ya kwenda Seoul kuosha vyombo vya mtu.

MSAFIRI: Wala Dar es Salaam, Shehe? Mwezi wa Aprili 1993 mabucha ya nguruwe ya mji ule yalivamiwa yakavunjwa, na waliovunja walisema kwamba wametibuliwa dini yao.

SHEHE: Walikosea, nami nawaambia hivyo mbele ya mtu yeyote. Muuza nguruwe yule alikuwa na leseni yake na wateja wake. Jirani anayechukizwa na harufu ana haki ya kumwomba ahamishe moshi, hana haki ya kumvunjia mlango. Lakini na wewe, mwanangu, usiwatie katika kapu moja waliovunja mabucha na wabunge waliopiga kura.

MSAFIRI: Siwatii katika kapu moja, ila nasema wametoka katika shina moja, na hilo kapu la pili lina nguvu zaidi kwa kuwa lina polisi nyuma yake. Tazameni Wanaga, kaskazini mashariki ya India, ambao kwao nyama ya mbwa ni chakula na ni dawa tangu mababu. Julai 2020 serikali ya jimbo lao la Nagaland, kwa kushurutishwa na watu waliokuwa nje ya jimbo, iliipiga marufuku; wafanyabiashara wakaenda mahakamani, na Juni 2023 Mahakama Kuu ya Gauhati ikaitangua amri ile. Jaji alitambua kwamba kula huko ni ada ya watu wale. Kwa nini Mnaga alindwe na mzee wa Seoul asilindwe? Na Bi Daktari, ukinijibu kwamba wengi wameamua, nitakwambia kwamba haki ya mlo inahitajiwa na wachache tu, wengi hawana haja nayo.

DAKTARI: Nitakujibu kwa historia, kwani unaizungumza desturi kana kwamba ni jiwe lililokuwapo tangu kuumbwa dunia. Wazungu wa kaskazini walikula farasi na kumtoa kafara mpaka Papa Gregory wa Tatu alipomwandikia mhubiri Boniface mwaka 732 kuukomesha mlo ule. Wakauacha, wakaanza kuuchukia, na chukizo likawa tabia. Wafaransa wakarejea: mwaka 1866 bucha za farasi zikaruhusiwa, na miaka minne baadaye, Paris ilipozingirwa na Waprusi, watu walikula mbwa, paka, na panya, mpaka ndovu wawili wa bustani ya wanyama wakachinjwa. Ujerumani, ambako mbwa waliwahi kuchinjwa na kukaguliwa kihalali, ilikataza uchinjaji wao mwaka 1986. Taiwan ilikataza hata kula mwaka 2017. Alhasili, kila taifa limepata kubadili sahani yake, mara kwa njaa, mara kwa dini, mara kwa sheria. Na sijui kwa nini Wakorea peke yao wanyimwe ruhusa ya kubadilika, eti kwa sababu Mswahili mmoja aliona bakuli akavutiwa nalo.

MSAFIRI: Kubadilika ni kuacha mwenyewe, Bi Daktari. Vijumba vile vilikuwa vinapungua bila sheria, vijana hawakuingia, soko la Gupo katika mji wa Busan, lililokuwa na vizimba mbele ya kila bucha, lilifungwa 2019 kwa mapatano na wenye maduka. Wazee wengi walikwisha hamia kwenye mchuzi wa kuku au wa mbuzi mweusi. Mngengoja miaka ishirini, mlo ule ungekwisha wenyewe pasi na kumpeleka mtu kifungoni.

DAKTARI: Na katika miaka hiyo ishirini, vizimba vingejaa na kumwagwa mara ngapi?

MSAFIRI: Kama ni vizimba, basi tuviseme vyote. Kuku wa kisasa anayefugwa kwa mayai huishi juu ya nyaya vilevile, mahali pasipomtosha kukunjua mbawa. Nguruwe jike hufungwa katika chuma asiweze kugeuka. Na wabunge wale 208, walipotoka kupiga kura, hapana shaka walikula kimojawapo cha hao. Kama dhamira ni rehema, ingeanzia kwa walio wengi. Ikianzia kwa mbwa peke yake, basi ni kwa kuwa mbwa ana uso tunaoupenda, na tumerudi kulekule kwenye nilichokiita kinyaa.

DAKTARI: Hapo umenigusa, wala sitakukwepa. Ndiyo, kuku ameachwa, na ni dhulma ameachwa. Lakini mbwa ana jambo ambalo kuku hana, nami nalisema kama mtu wa kazi hii, si kama mwenye kijibwa. Mnyama huyu tumemtengeneza sisi, kwa maelfu ya miaka, awe anatutazama machoni, ajue sauti zetu, atumaini mkono unaomkaribia. Nikimshika mbwa mgonjwa asiyenijua, aghalabu hutulia kwa kuwa mimi ni mtu tu. Mchinjaji anayekwenda kizimbani anaitumia amana hiyohiyo. Na hata ukiniambia mahaba haya hayana uzito katika sheria, kiko kichaa cha mbwa: kirusi chake hukaa katika ubongo na mate, na katika nchi zenye ugonjwa huo, mwenye kumchinja na kumchuna mbwa mgonjwa, akiwa na mchubuko mkononi, amejiingiza katika maradhi ambayo, dalili zikishatokea, karibu hakuna aliyepona. Moto humlinda mlaji. Mchinjaji hana wa kumlinda.

SHEHE: Katika hili la amana naona Bi Daktari amepata jambo. Sisi tunapokea kwamba mtu alimwona mbwa akiramba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Mungu akamghufiria. Mbwa huyohuyo aliye najisi! Unajisi wake haukumwondolea haki ya maji. Basi ukinambia, Msafiri, kwamba mtu wa Seoul asihukumiwe kwa alichokula, niko nawe. Ukinambia asihukumiwe kwa namna alivyomweka na kumwua, siko nawe.

MWENYE PUNDA: Nami niseme, maana mmezungumza mbwa wa Korea muda mrefu, na katika nchi hizi yupo mnyama aliyeingizwa katika biashara ya nyama huku tunamtazama. Mimi nabeba mchanga na mawe ya ujenzi kwa punda. Shogi huku na shogi huku, katika njia ambazo gari haiingii. Kenya iliruhusu machinjio ya punda, na tangu 2016 yakafunguliwa Naivasha, Mogotio, na kwingineko. Nyama ilikuwa ziada tu; kilichotakiwa ni ngozi, ichemshwe Uchina mpaka itoe gundi iitwayo ejiao, iuzwe kuwa dawa ya damu na ya ujana. Tukawa tunaamka asubuhi tunaikuta kamba imekatwa, na porini mizoga imechunwa, nyama imeachwa hapohapo. Punda jike huchukua mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hawezi kushindana na kisu. Hesabu ya 2009 ilitupa punda milioni 1.8, na ya 2019 ikatupa kama milioni 1.2. Serikali ikakataza Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitangua amri ile Mei 2021, na ikabidi Umoja wa Afrika, katika mkutano wake wa Addis Ababa wa Februari 2024, usimamishe biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Je, huo nao ni kinyaa? Mimi sikusema punda ni haramu, ingawa najua ni haramu tangu Mtume alipomkataza siku ya vita vya Khaibari. Nilisema huyu ni mguu wangu.

MSAFIRI: Aliyekukatia kamba ni mwizi, Bwana, na sheria ya wizi ilikuwako kabla ya machinjio. Wako Waturkana waliokula punda tangu zamani, wakati wa ukame hasa, wala hawakumwibia mtu. Nao je, wafungwe kwa ajili ya kamba yako? Na usitwambie habari ya huruma: sisi watu wa pwani ndio tuliosema punda afe mzigo wa bwana ufike.

MWENYE PUNDA: Sikutaja huruma; wewe ndiye uliyeitaja. Nimetaja riziki. Mturkana akichinja punda wake mmoja kwa njaa, hilo halijanipunguzia kitu. Anayeniua ni mnunuzi anayetaka ngozi zisizokwisha. Mlo wa desturi una kiasi chake, Bwana Msafiri, na biashara haina kiasi. Mzee wako wa Seoul alipomla mbwa wa kijiji mara moja kwa mwaka, nadhani hakukuwa na vizimba.

SHEHE: Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta nisilipate. Walipokula kwa ada, mbwa alikuwa uani. Walipotaka kula kila siku kwa fedha, ndipo nyaya zikaja.

MSAFIRI: Nakubali kwamba vizimba ni vya juzi, na ada ni ya zamani. Basi mbona sheria imeikamata ada pamoja na vizimba? Isitoshe, haikumkamata hata mwenye kula! Mchinjaji ana kifungo mpaka miaka 3 au faini ya won milioni 30. Mfugaji na muuzaji, miaka 2 au won milioni 20. Na mlaji hana hata senti moja ya kulipa. Aliyekuwa akilipia nyama ile amesamehewa, na mzee wa kijijini, mwenye ustadi huo mmoja tu, ndiye amebebeshwa. Kwa hesabu ya serikali yenyewe mashamba yalikuwa zaidi ya 1,500 na mbwa karibu 466,000. Wamewekewa fidia, kati ya won 225,000 na 600,000 kwa kila mbwa, akiwahi kufunga apate zaidi. Lakini mbwa wenyewe, wale wakubwa wa manjano ambao mtu wa ghorofani hawataki, watakwenda wapi? Sheria ya rehema itawachoma sindano?

DAKTARI: Wengine watachomwa, naam. Ningekudanganya nikisema wote watapata nyumba, na mimi huenda ningekuwa mmoja wa wenye kushika hiyo sindano. Lakini wale wangekufa kwa hali zote mbili. Tofauti ni kwamba baada yao hapatazaliwa wengine wa kujaza vizimba vilevile. Kuhusu mlaji, sheria ilimwacha kwa sababu hiyohiyo uliyoipigania wewe tangu asubuhi: haikutaka kuingia kinywani mwa mtu.

SHEHE: Hapo mimi sikubaliani nawe, Bi Daktari. Anunuaye ndiye anayeamrisha kisu. Kumwacha tajiri wa mezani na kumshika maskini wa kizimbani si insafu katika sheria ninayoijua mimi.

MSAFIRI: Adhabu zimewekewa mwanzo wake Februari 2027. Akikutwa baada ya hapo mzee mmoja, kijijini kwake, siku ya boknal, amemchinja mbwa wake mwenyewe, bila kizimba, bila soko, awape nduguze, utamfunga, Bi Daktari?

DAKTARI: Kama amemwua kwa kumtesa, nitamfunga. Kama sivyo, ningemtaka hakimu atazame mazoea yake na umri wake, ampe faini ndogo, na nisingeona raha. Lakini sitafuta sheria kwa ajili yake.

MWENYE PUNDA: Na mimi, kwa ajili ya Mturkana, nisingeifuta yangu, ningemwandikia ruhusa yake kwa jina.

MSAFIRI: Nani ataiandika, wewe au yeye?